Kilo 124 kwenye mizani ya dagaa: mama ntilie wa Mwaloni anavyotibu unene

Mizani ya zahanati niliyokwenda ilikuwa inaishia kilo 120. Mshale ulifika mwisho ukatulia. Muuguzi akautazama, akanitazama mimi, akaandika "120 na zaidi" kwenye daftari langu. Nikarudi Mwaloni, soko letu la samaki hapa Kirumba, Mwanza, nilikokuwa nimeacha maharage jikoni, nikamwomba kijana anayepima magunia ya dagaa anipandishe kwenye mizani yake. "Mama Neema, mia na ishirini na nne!" akatangaza kwa sauti ile ile anayotangazia gunia. Wapakiaji wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya banda nikalia kidogo, nikarudi kugeuza maharage.

Hiyo ni miezi 20 iliyopita. Leo nina kilo 101. Nilishashuka mpaka 97 nikapanda tena, na sababu yake nitaisema. Bado ni bonge, sidanganyi mtu. Ila vidonge vya presha vimepungua kutoka aina tatu hadi moja, na kilima cha kwenda nyumbani napanda bila kusimama katikati kujifanya natafuta simu kwenye mkoba. Akina mama wa dagaa wananiuliza nilifanyaje, na kumjibu mmoja mmoja huku nasonga ugali kumenichosha, ndiyo maana naandika.

Kabla hujapunguza hata tonge moja

Fanya hesabu kwanza. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe uzito wako kwa jibu hilo. Mimi nina mita 1.60, mara 1.60 ni 2.56, kilo 124 gawanya kwa 2.56 unapata 48. Kuanzia 30 ni ugonjwa wa unene. Ukifika 40, au 35 huku tayari una kisukari au presha, basi ule ushauri wa "punguza wanga, tembea tembea" mara nyingi hautoshi peke yake, unahitaji hospitali iingie kati. Chukua na futi ya fundi cherehani uizungushe kiunoni. Mwanamke akizidi sentimita 88, mwanamume 102, ujue mafuta yamekwenda ndani, kwenye ini na utumbo, huko yanakoleta matatizo.

Nilipopewa rufaa nikakutana na daktari wa kliniki ya kisukari, nilianza kujitetea kabla hajaniuliza kitu. Dokta sili sana, dokta ni ukoo wetu. Akaniacha nimalize. Akasema, "Mama, presha yako nikiitibu sikuambii ujikaze, nakupa dawa na nakufuatilia. Na hili tutafanya hivyo hivyo." Akanieleza kwamba mtu mnene akianza kupungua, mwili wake unadhani njaa imeingia nchini. Unaongeza homoni za njaa, unabana matumizi ya nguvu, na unaendelea kudai kilo zake hata baada ya mwaka. Nilikumbuka zile mara sita nilizojinyima, nikapungua, nikarudi na nyongeza. Kumbe sikuwa mlafi tu. Mlafi nilikuwa, lakini sikuwa mlafi tu.

Sasa kosa langu kubwa, ulisikie ili usilirudie. Siku ile ile nilitoka kliniki na ari ya mtu aliyeokoka. Nikakata ugali, nikakata wali, nikawa nakunywa uji mwepesi asubuhi na mboga jioni. Vidonge vyangu vya kisukari, glibenklamaidi, nikaendelea kumeza kama kawaida. Siku ya nne, saa tano asubuhi, jasho la baridi, mikono inatetemeka, macho giza, nikakaa chini kando ya jiko la mkaa. Msaidizi wangu alikuwa na akili, akaninywesha soda. Tulipopima sukari baadaye, tayari nimeshakunywa, ilisoma 3.1, bado chini mno. Dawa ile inashusha sukari umekula hujala. Ndiyo sababu nasema usianze na chakula. Anza na orodha ya dawa zako. Ukiwa unatumia insulini, glibenklamaidi au ndugu zake, au dawa za presha, mwambie daktari "naanza kupunguza kula" ili apunguze dozi kwanza. Mimi glibenklamaidi aliniondolea kabisa, akanibakiza kwenye metifomini, dawa nyingine ya kisukari.

Orodha hiyo hiyo ina kazi nyingine: kuna dawa zinazonenepesha. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, vidonge vya steroidi kama prednisoloni vinavyotumiwa muda mrefu, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kifafa, na insulini yenyewe. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Uliza kama kuna mbadala. Na wale mabinti wanaomeza deksamethasoni za dukani ili wanawiri mashavu, hayo mashavu ni ugonjwa mnaununua.

Vipimo nilivyofanyiwa ni sukari na wastani wake wa miezi mitatu, mafuta ya damu, figo, ini, na tezi ya shingo. Presha omba ipimwe kwa mkanda mpana. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, kipimo kinapanda kuliko ukweli, na unaweza kuongezewa dawa usiyoihitaji. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: nani analala na wewe? Nikamwambia marehemu mume wangu aliniacha, nalala na mjukuu. Akasema nimuulize mjukuu. Mtoto wa miaka tisa akajibu bila kuficha: "Bibi unakoroma, halafu unanyamaza kama umekufa, halafu unashtuka." Pumzi kukatika usingizini kunapandisha presha na kukufanya usinzie mchana, na mtu asiyelala vizuri njaa yake haina adabu. Niliambiwa nilale ubavu, niinue kichwa, na tuangalie kilo zikishuka. Hali ikiwa mbaya kuna mashine ya kusukuma hewa usiku.

Bakuli la kuonja

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapolipata riziki yangu.

Mtaalamu wa lishe aliniambia niandike kila ninachokula. Niliandika wiki nzima, daftari likasomeka kama la mtawa. Chai, viazi viwili, ugali kidogo jioni. Akalitazama, akaniuliza kazi yangu. Nikasema mama ntilie. Akacheka, akanipa zoezi ambalo nakupa na wewe kama unapika, unauza maandazi, au una watoto wanaobakiza chakula. Siku moja, kila unachoonja, mwenzio aweke kiasi kile kile kwenye bakuli lenye kifuniko. Upawa wa mchuzi, kipande cha samaki kilichovunjika, ukoko wa wali, nusu chapati iliyoungua pembeni, ugali wa mteja aliyeondoka haraka. Saa saba mchana tulifungua lile bakuli. Lilikuwa limejaa, na juu yake kipande cha chapati kimekosa nafasi. Huo ulikuwa mlo wangu wa kwanza wa siku, nilioula nimesimama, na wala sikuujua.

Tangu hapo naonja kwa kijiko cha chai, mara moja kwa kila sufuria, nikishaweka chumvi. Mengine anaonja msaidizi, mwembamba kama mti wa mwavuli, hata ale nini. Mabaki ya sahani yana ndoo yake na nguruwe wa jirani wanayajua. Kilo tatu za mwanzo naamini ziliondoka kwenye kuonja peke yake.

Cha pili ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, lita nzima inapita 8,000. Nilikuwa namimina kwa macho. Sasa nyumbani napima: watu watatu, vijiko vitatu kwa mlo, mwisho. Sato simkaangi tena kwenye mafuta ya kuogelea. Namchemsha kwa nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili, au nambanika kwenye mkaa. Dagaa nawakausha kwenye kikaango kitupu mpaka walie, ndipo nawaunga na nyanya na kijiko kimoja cha mafuta. Sangara ni samaki mzuri lakini ana mafuta yake mwenyewe, huna haja ya kumwongezea. Huku ziwani tuna bahati. Watu wa bara wanaambiwa watafute protini ghali, sisi tunaipita ikiwa imeanikwa mchangani. Na protini unaihitaji kila mlo, sababu unapopungua mwili unakula na misuli, na misuli ikiisha goti linabaki bila mlinzi.

Sahani yangu ya leo napima kwa mkono: ugali ngumi moja, samaki au dagaa au maharage kiganja kizima, mboga ya majani viganja viwili vilivyojaa, mchicha, tembele, mlenda, mgagani, kilichopo. Naanza kula mboga na samaki, ugali unakuja mwisho. Ugali wa muhogo na wa mahindi kwangu ni mamoja, ile habari kwamba wa muhogo haunenepeshi ni hadithi ya wauza udaga. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga naipenda kuliko ndugu zangu wengine, kwa hiyo haikai nyumbani. Napewa kikombe kimoja nikienda kijijini, basi.

Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Nilikuwa nakunywa mbili kwa siku kwa sababu ya joto la moto. Hiyo niliacha ghafla, na kichwa kiliniuma wiki. Chai sasa ni ya rangi, tangawizi, bila sukari. Mwezi wa kwanza ilikuwa kama kunywa maji ya kuoshea vyombo. Mwezi wa tatu nilionja chai ya mteja nikaona kama asali.

Kwa mpango huu na metifomini, miezi mitano nilifika kilo 116. Kisha nikakwama pale pale.

Dawa, na pesa ya dawa

Metifomini yenyewe haipunguzi sana, labda kilo mbili tatu. Inashusha sukari na kutuliza hamu kidogo. Inywe katikati ya chakula, la sivyo tumbo litakuaibisha. Ninazungumza kuhusu aibu, basi niseme ya olistati. Ni kidonge unachomeza na mlo wenye mafuta, kinazuia karibu theluthi ya mafuta yale yasiingie mwilini. Yanakwenda wapi? Yanashuka. Nilikula sambusa mbili za msibani nikijua nimemeza dawa, nikapanda daladala ya kwenda Igoma, na siku hiyo nilijifunza kwamba gauni jeusi ni rafiki wa kweli. Dawa inafanya kazi kwa anayekula mafuta kidogo, na inahitaji uongezewe vitamini A, D, E na K kwa saa tofauti. Mimi nilidumu nayo miezi miwili.

Kisha sindano. Semaglutaidi unachoma mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo mara moja kwa wiki. Inaiga homoni ya utumbo inayoambia ubongo "tumeshiba", na inachelewesha chakula kutoka tumboni. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, waliotumia miligramu 2.4 kwa wiki pamoja na chakula na mazoezi walipungua wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito kwa wiki 68, na waliochomwa sindano ya bandia wakapungua chini ya asilimia 3. Tirizepataidi, iliyokuja baada yake, imepunguza zaidi. Lakini dozi inaanza chini kabisa, miligramu 0.25, inapanda kila baada ya wiki nne. Anayetaka haraka atatapika. Hata mimi niliyepanda taratibu, wiki za mwanzo nilikuwa nasikia kichefuchefu harufu ya samaki wabichi ikinijia, na wewe fikiria ninapofanyia kazi. Kula kidogo kidogo, acha mara ukishiba, kunywa maji, na choo kikifunga ongeza mboga. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni ni ya kukimbilia hospitali, inaweza kuwa kongosho limevimba au mawe ya nyongo. Mjamzito au anayetafuta mimba haimhusu. Vilevile mwenye saratani ya tezi aina ya medula kwenye ukoo.

Kuihifadhi: kabla haijaanza kutumika inakaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Mimi nina barafu ya samaki kila upande, nikadhani nimemaliza. Daktari alinikataza kuilaza juu ya barafu, sababu ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka, tupa. Umeme ukikatika naiweka kwenye chupa pana ya chai pamoja na chupa ndogo ya maji baridi iliyoviringishwa kanga, isiguse barafu.

Bei yake ya mwezi ilikuwa inazidi kodi ya banda langu. Alikuwa analipa Neema, binti yangu aliye Dar es Salaam. Tulikwenda miezi tisa, nikafika kilo 97. Kisha mumewe akasimamishwa kazi, na mimi nikamwambia mwanangu, inatosha. Njaa ilirudi wiki ya tatu, ile ya zamani, inayokuamsha usiku. Kilo nne zikarudi. Utafiti unaonyesha wanaoacha hurudisha karibu theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka, kwa hiyo mie nimeponea kwa sababu bakuli, kijiko cha mafuta na miguu vilikuwa vimeshaota mizizi. Kabla hujaanza sindano, kaa na familia mpige hesabu ya mwaka mzima, na muulize bima yako inalipa nini. Kuanza bila hesabu hiyo ni kukopa kilo.

Za mitaani sina mengi. Chai ya kukata tumbo niliinywa, ilikuwa dawa ya kuharisha. Nilipoteza maji, na maji yalirudi nilipokunywa maji. Vidonge visivyo na jina la kiwanda vimewahi kukutwa sehemu mbalimbali duniani na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo.

Miguu

Kwa kilo 124 sikuweza kutembea dakika kumi, magoti yaliwaka. Kwa hiyo nilianza kwa kukaa na kusimama kwenye kiti cha plastiki, bila kushika meza, mara tano, asubuhi na jioni. Kiti kimoja kilivunjika. Nunua cha mbao. Kisha nikazunguka uwanja wa Furahisha saa kumi na mbili asubuhi kabla watu hawajawa wengi, dakika tano, wiki inayofuata saba. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, mimi ilinichukua miezi sita kuzifikia. Kila kilo moja unayopoteza, goti linatuliwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua, na hiyo niliisikia kweli kabla hata nguo hazijalegea. Milima ya Mwanza iache mpaka goti likubali. Kupanda kilima cha hospitali ya Bugando kwa mguu mwezi wa kwanza ni kujitafutia kitanda huko huko juu.

Mtu akanishauri nitembee ndani ya maji ziwani, maji yanabeba uzito. Ni kweli yanabeba. Ila ufukweni kwetu kuna kichocho, na sikuona faida ya kutoa ugonjwa mmoja kuingiza mwingine. Mwenye uwezo wa bwawa la hoteli, aende.

Maneno

Usukumani mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemkubali. Mimi nilipofika kilo 105, mteja wangu wa miaka mingi aliacha kula kwangu. Nikaja kusikia anasema Mama Neema ana ngoma. Nilikwenda kupima, nikabandika majibu ndani ya kabati la vyombo, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu mwenyewe siku nikisikia tena. Jiandae na hilo kabla, na mweleze mtu mmoja nyumbani unachofanya.

Upasuaji na puto

Kwenye ile hesabu ya urefu na uzito, wenye 40 na kuendelea, au 35 wenye maradhi, wana haki ya kuuliza kuhusu upasuaji wa kupunguza tumbo. Ndiyo njia inayoshusha kilo nyingi na kuzishikilia miaka mingi kuliko zote, lakini vitamini na kliniki ni vya maisha. Puto linalowekwa tumboni kwa mpira wa kamera linafanyika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam; ni la muda wa miezi kadhaa kisha linatolewa. Daktari wangu amesema tulizungumze tena mwakani kama 101 itagoma. Sijaamua.

Ukienda kliniki mara ya kwanza, hapa Mwanza kwa kawaida unaanzia zahanati au kituo cha afya upewe rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Beba vifuko vyote vya dawa unazomeza, hata za kienyeji. Beba daftari la wiki moja la chakula pamoja na majibu ya bakuli. Nenda na mtu anayekusikia ukilala. Vaa gauni lenye mkono unaopandishika hadi begani, ili mkanda wa presha ukae sawa. Na kama mizani yao inaishia 120, njoo Mwaloni siku yoyote kabla ya saa nne asubuhi, magunia hayajaanza kupangwa. Kijana wa mizani nimeshamwambia aseme kwa sauti ya chini.